Pesa ya Kumfikisha Nabwire Funyula

Nabwire hakuwahi kumheshimu mtu anayevaa koti Kisumu mwezi wa pili. Jua la hapa linajulikana, na mwenye akili zake hulivalia shati jepesi. Anayevaa koti ama amekuja kukutapeli ama amekuja kukufundisha, na kwa hesabu ya Nabwire hizo ni kazi za watu wa ukoo mmoja. Calvince alikuja na koti.

Lakini ngoja kwanza tumjue mwenyewe. Nabwire ni mjane wa Wesonga, mwanamke wa Samia aliyeishi mtaani Nyalenda miaka ishirini na mitatu akiuza mgongo wazi. Kama huujui mgongo wazi, mshukuru Mungu uendelee kula minofu. Ni kichwa, mifupa na mkia wa samaki mbuta, yaani yale yanayobaki kiwanda kikishakata nyama yote na kuipeleka ng'ambo. Nabwire huenda kuyanunua Obunga asubuhi, huyakaanga kando ya njia kwenye karai kubwa mpaka yageuke mekundu, na huwauzia watu wanaomuuliza kama yana nyama. Huwaambia kwamba yangekuwa na nyama, wao wangeyaonea wapi? Wananung'unika, wananunua, na kesho wanarudi kuuliza tena.

Alikuwa na dharau, ndiyo. Aliwadharau wateja, aliwadharau wenye nyumba, na aliwadharau zaidi shemeji zake wa Funyula, ambao humpigia simu mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kuomba pesa ya mbolea na ya pili kueleza kwa nini mbolea haikununuliwa. Binti yake wa pekee ameolewa Jinja kwa mlevi, na ana watoto wanne na macho mekundu. Kwa hiyo Nabwire hakuwa na mtu. Wesonga alipofariki mwaka wa 2011 Nabwire hakuwa hata na mia ya kumnunulia sanda, na waliomtoa mochari, wakamkodia gari, wakamsindikiza mpaka Funyula ni wanawake wa chama chake cha pale Nyalenda, wengi wao Wajaluo ambao hata lugha ya wenyeji wao hawakuijua. Waliimba njia nzima.

Tangu siku hiyo jambo moja tu lilimlaza usingizi. Akifa, wanawake wale watampeleka alale kando ya Wesonga. Hatazikwa na kaunti pamoja na maiti ambazo hazikupata wa kuzidai. Kila Alhamisi saa tisa, kwenye ua wa kanisa, alitoa shilingi hamsini kwa ajili hiyo na hakuwahi kukosa hata siku ya mafuriko. Sanduku la chama lilikuwa na kufuli tatu, na ndani mlikuwa na mifuko miwili ya kitambaa. Wa kwanza ulikuwa wa hisa na mikopo. Wa pili ulikuwa wa matanga ya wanachama, ulipungua kila mwenzao alipozikwa, na huo haukukopeshwa mtu hata alie machozi ya damu.

Basi, huyo Calvince. Alikuwa kifungua mimba wa Selpha, muuza mboga mpole aliyekaa kwenye chama tangu kilipoanzishwa. Mwanzo Calvince alifungua kibanda cha vifaa vya simu pale Kondele, kikafa baada ya miezi saba. Akafuga kuku, nao wakafa kwa zamu, wiki kwa wiki, mpaka wa mwisho akachinjwa kwa huruma. Halafu shirika moja la Nairobi likamfunza siku tano, likampa cheti na koti, likamrudisha Nyalenda kufundisha wengine namna ya kutunza pesa. Jamani! Mtu aliyeshindwa na kuku.

Alitundika bango ukutani, limeandikwa kwamba ni mradi wa kujenga elimu ya fedha kwa jamii asilia za kando ya ziwa. Nabwire akataka kujua jamii asilia ni akina nani. Calvince akatabasamu, akasema ni wao hao. Nabwire alikodi chumba cha mabati kwa elfu mbili na mia tano kwa mwezi na choo cha kugawana na watu kumi na wanane, na hakuona uasilia wowote hapo, lakini akanyamaza kwa sababu soda zilikuwa zinagawanywa.

Tusidanganyane, soda ndizo zilizowaleta, pamoja na mia tatu ya nauli kwa kila aliyehudhuria, nauli ya watu waliotoka nyumba ya tatu kwa miguu. Kwa hiyo mia tatu walikaa wakafundishwa kwamba ukitoa matumizi kwenye mapato, kinachobaki ndicho akiba. Nabwire anaweza kugawa beseni la mifupa kwa wateja arobaini akajua faida yake kabla mafuta hayajapoa. Sasa alikuwa anachorewa duara ubaoni na kijana asiyejua bei ya mkaa. Wakafundishwa kugawa matumizi yao kwenye safu mbili, ya lazima na isiyo ya lazima. Wakafundishwa kwamba kila mtu mwenye busara ana akiba ya dharura ya miezi sita. Calvince alikuwa ameliegesha gari lake la mkopo pale nje, nalo lilinyang'anywa na wenye mkopo mwezi wa nne, mbele ya darasa, akiwa katikati ya somo la mikopo. Aliendelea kufundisha. Hilo Nabwire alimkubalia, kwamba alikuwa na uso mgumu.

Alhamisi ya tatu ya mafunzo Calvince aliomba sanduku lifunguliwe, aone mtaji wa chama umekaaje. Awuor, mwenyekiti, mama mnene wa biashara ya nguo kuukuu, akalifungua kwa madaha. Calvince akautoa mfuko wa pili, akauzungusha mkononi, akauliza ni wa nini.

Hakuna aliyejibu. Hapa lazima nieleze, maana mgeni atadhani wanawake ishirini na wawili waliingiwa na upumbavu kwa pamoja. Watu wa hapa huchangia matanga maisha yao yote, lakini ni matanga ya aliyekwisha kufa. Kukaa mchana kweupe ukasema hii ni pesa ya siku nitakayokufa mimi, hiyo ni kujitabiria, ni kukiita kifo kwa jina na kukionyesha mlango. Kwa miaka kumi na minne walikuwa wametia hamsini-hamsini kwenye mfuko ule bila hata mmoja kutamka ni ya nini. Kila mtu alijua, na hiyo ilitosha.

Calvince akauliza tena. Awuor akasema ni ya mambo tu. Mambo gani? Ya nyumbani. Calvince akaandika kitu.

Naye alijua! Mtoto wa Katito, aliyezaliwa na kulelewa huko huko Nyakach, aliyekula nyama ya matanga mangapi kabla ya kuota ndevu, asijue mfuko ule ni wa nini? Alijua vizuri sana. Lakini fomu aliyopewa haikuwa na nafasi ya jambo hilo, na fomu ndiyo iliyomlipa mshahara, kwa hiyo akajifanya hamnazo. Mama yake Selpha alikuwa ameketi safu ya pili akiangalia ndala zake. Hakutaka kumuumbua mwanawe mbele ya watu. Na Nabwire, mwenye ulimi wake mrefu, alifungua kinywa akakifunga. Mjane kutoka kwa watu wengine akitaja kifo kwenye mkutano, ataangaliwa vibaya, na watu watakumbuka mumewe alikufa akiwa kijana. Akanywa soda yake.

Basi Calvince akasema hii ni pesa iliyolala, elfu themanini na sita imelala usingizi huku wao wanateseka, na pesa yenye akili hufanya kazi. Iwekwe kwenye mikopo, izae. Awuor akauliza wanaokubali wainue mikono. Bridget, mdogo kuliko wote, aliyekuwa anasuka nywele chini ya mwavuli na kuota saluni yenye mlango, aliinua wa kwanza. Wengine wakafuata. Selpha aliinua wake polepole. Nabwire aliinua wa mwisho, na aliuinua kidogo tu, kana kwamba hilo lingempunguzia hatia. Kufikia Jumatatu pesa yote ilikuwa imeshakopwa.

Selpha alikufa mwezi wa tisa. Alianguka asubuhi akifungua vifurushi vya sukumawiki, presha, na kabla ya kufikishwa hospitali alikuwa amekwenda. Jioni Calvince akaja kwa Awuor, na Nabwire alikuwepo. Safari hii hakuwa na koti. Alikaa kwenye stuli akasema mama ametuacha, na kwamba mochari inahesabu kila siku, na jeneza, na gari la kwenda Katito, na watu watakaokuja lazima wale. Halafu akaangalia sakafuni, akauliza kama ule mfuko wa pili una kitu.

Awuor akaanza kuikunja leso yake. Nabwire ndiye aliyejibu.

"Ulituambia hiyo pesa imelala," akamwambia. "Tuliiamsha. Imeenda."

Kijana akalia. Nabwire alimtazama analia na, nisimfiche, alionja utamu. Mwalimu wa akiba ya miezi sita hakuwa na ya siku sita. Alikuwa anadaiwa na simu yake mwenyewe, mikopo minne midogo, kila mmoja ulikopwa kulipa mwenzake. Nabwire angeweza kumwacha pale kwenye stuli akauke. Lakini aliyelala kwenye barafu hakuwa Calvince. Alikuwa Selpha, aliyeimba mpaka Funyula sauti ikamkauka.

Nyumbani kwake, chini ya godoro, Nabwire alikuwa akiweka daftari la matanga, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika haraka na hakuna aliyeweza kumzunguka. Kwenye daftari hilo kila aliyeleta kitu kwenye matanga ya mwingine aliandikwa jina na alichokileta. Kesho yake aliacha karai lake baridi, akalishika daftari, akaanza kuzunguka Nyalenda, mlango kwa mlango. Hakuomba. Alisoma. Mwaka wa 2016, alipofariki mkwe wako, Selpha alileta mia tano na sufuria mbili, na akakaa jikoni siku tatu. Mwaka wa 2019, mtoto wako, Selpha alileta elfu moja na gunia la mkaa. Mtu anatazama chini, anaingia ndani, anatoka na pesa. Mmoja alijaribu kusema kwamba siku hizi wanafundishwa kupunguza matumizi yasiyo ya lazima. Nabwire akamsomea ukurasa wake wote kwa sauti, majirani wakisikiliza, akiwemo mmoja aliyemdai mtu huyo pesa ya maji. Alilipa.

Alizunguka siku tano, miguu ikamvimba. Mikopo ya chama haingerudi kabla ya Disemba, lakini daftari lilileta elfu sitini na nne, ng'ombe mmoja aliyekonda, na mahindi. Mochari ikalipwa, gari likakodiwa, Selpha akafika Katito siku ya Ijumaa na akalazwa Jumamosi kwenye boma lake kama mtu mwenye watu.

Calvince alivaa koti. Alishika kipaza sauti robo saa nzima, akasema mama yake alikuwa mfano wa mwanamke aliyewezeshwa kifedha, na kwamba yale waliyoyaona pale ndiyo matunda ya jamii iliyoelimika. Kijana wa shirika akapiga picha. Jina la Nabwire halikutajwa, isipokuwa alipoitwa na mshereheshaji aje aondoe masufuria njiani.

Hilo angelimeza. Amemeza makubwa zaidi. Alichokuwa anangojea ni Alhamisi, kwa maana sasa hata mjinga ameona, na mfuko wa pili utarudi.

Alhamisi ikafika. Awuor akafungua mkutano kwa sala, akamshukuru Mungu kwa ajili ya Selpha, akasema kuna waliouliza kama ule mfuko wa zamani urudishwe. Akasema yeye haoni haja. Si wote wameona? Bila mfuko wowote, mama amekwenda nyumbani vizuri kabisa. Jambo likitokea watachanga tu, kama walivyochanga. Na mikopo imezaa. Atakayetaka sehemu yake ya ule mfuko wa zamani atapewa Disemba pamoja na faida. Wanawake wakapiga makofi.

Nabwire hakupiga. Hakuna aliyechanga! Yeye ndiye aliyechangisha, kwa miguu yake, kwa daftari lake, kwa ulimi wake ambao wote waliuogopa. Na siku atakayokuwa yeye ndiye aliyelala mochari, nani atazunguka? Awuor, ambaye magoti yake hayafiki hata kituo cha maji? Calvince na bango lake? Alikaa pale akipiga hesabu ambayo haikufundishwa, na kila alivyoipiga ilimtoka jibu moja, kwamba hatafika Funyula. Na bado hakusema neno. Aliondoka.

Disemba alipewa sehemu yake, elfu nne na mia mbili, noti zimekunjwa kwenye karatasi. Akazipeleka moja kwa moja kwa Waswa, fundi wa majeneza aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko, mtu wake wa tangu zamani, mnunuzi wa mgongo wazi kila Ijumaa. Akamwambia anataka kuweka amana ya jeneza la kawaida, lisilo na vioo wala mapambo ya dhahabu bandia. Waswa akampa pole, akauliza ni nani amefariki.

"Bado," akasema Nabwire. "Ni mimi."

Waswa akaweka randa chini. Akarudi nyuma hatua mbili, yule jamaa anayelala katikati ya majeneza na kuyatumia kama meza ya chai, akasema hachukui pesa ya mtu anayepumua. Hatapima, hataandika, hatashika hata noti moja. Akamwomba aondoke kwa heshima kabla wateja hawajasikia. Nabwire alijaribu kumtukana lakini matusi yalikataa kuja. Ameshika pesa halali mkononi, mji mzima unataka pesa, na hakuna mtu mmoja anayekubali kumpokelea. Benki ingeipokea, ndiyo, lakini benki haiji kukutoa mochari.

Basi Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa kwanza alirudi kwenye chama, na ajenda ya kwanza ilipofika, alisimama bila kuruhusiwa.

"Mimi Nabwire nitakufa," akasema. "Sijui lini. Siku hiyo nataka nipelekwe Funyula kwa mume wangu, na sina mtu mwingine isipokuwa ninyi. Ule mfuko ulikuwa wa hiyo. Kila mtu hapa alijua."

Mmoja akatema mate pembeni kuyafukuza maneno. Awuor, jasho likimtoka, akamsihi ayarudishe maneno yake, Mama, tafadhali, usijitabirie hivyo mwaka mpya. Nabwire akasema hayarudishi. Awuor akageukia kitabu chake akasoma ajenda ya pili, ya riba, kwa haraka na kwa sauti ya juu, na wote wakaishika riba kama watu waliotupiwa kamba. Mungu wangu, alivyowadharau dakika ile! Watu wazima, waliozaa, waliozika, wamepewa vyeti vya elimu ya fedha, na hawawezi kuangalia usoni jambo ambalo hata mbuzi wa kichinjio analijua. Akachukua mkoba wake akatoka.

Alikuwa karibu kufika barabarani aliposikia ndala zikimfuata. Ilikuwa Bridget. Sasa alikuwa na saluni yake yenye mlango, iliyofunguliwa kwa pesa ya mfuko ule ule, na kucha za rangi.

"Mama, Funyula ni nauli ngapi?" akauliza Bridget.

Nabwire akamjibu kwa ukali kwamba aliyekaa hulipa mia saba, na aliyelala hulipa elfu arobaini kwenda juu. Bridget akafungua kipochi, akatoa noti mbili za mia.

"Basi hii ni ya aliyelala. Alhamisi nitaleta ingine. Na ya siku nitakayolala mimi utaiandika chini yake."

Nabwire alizitazama zile mia mbili, na badala ya kushukuru, hasira yote ikampanda kichwani. Akamuuliza kwa nini hakuyasema hayo ndani, mbele ya watu, kwa nini amemwacha asimame peke yake kama mwendawazimu, na ni yeye, Bridget, aliyeinua mkono wa kwanza siku ile.

Bridget hakukasirika. Alimtazama tu, kwa upole, kama anavyomtazama mteja mwenye nywele zilizokatika.

"Mimi nilikuwa mgeni, Mama. Nilikuwa na mwezi mmoja kwa chama. Nilidhani ni pesa ya mambo, vile Awuor alisema. Wewe ulikuwa unajua. Wewe mbona ulinyamaza?"

Nabwire alikuwa na jibu kwa kila mtu Nyalenda. Alikuwa na jibu kwa askari wa kanjo na kwa pasta, na kwa wanaouliza kama mgongo wazi una nyama. Alisimama pale barabarani akilitafuta la Bridget, pikipiki zikipita, na halikuwepo. Alizipokea zile mia mbili. Akatoa daftari kwenye mkoba, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na jina la Bridget, na chini yake akaandika lake mwenyewe.